Jibu: Mota ya Brook aliyoacha babu ni ya enzi gani?

Salama, ndugu. Umeuliza mota iliyokutwa stoo Changamwe, yenye kibati (bamba dogo la jina na namba) cha Brook, Huddersfield, ni ya miaka gani, na wenye kampuni walikuwa nani.

Anza na kibati. Kipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, msasa usiguse. Mimi niliutia kwa mota ya kinu cha Likoni, namba zikaondoka na kutu!

Kampuni ilianzishwa na Ernest Brook mwaka 1904, huko Huddersfield, Uingereza. Ilikaa kwa familia miaka na mikaka, hadi Hawker Siddeley, kampuni kubwa ya Uingereza, walipoichukua mwaka 1970. Hao walikuwa wameshanunua Crompton Parkinson, watengenezaji wengine wa mota, ndipo likazaliwa jina Brook Crompton. Basi ukisoma “Brook Crompton”, hiyo si ya kabla ya 1970. Ukisoma “Brook Motors” na nguvu imeandikwa HP (nguvu za farasi) bila kilowati, mimi ningesema ni ya enzi za familia.

Ila usiichomeke kwanza. Chumvi yetu ya pwani hula waya kimyakimya. Mpelekee fundi mwenye mega (kifaa cha kupima kama umeme unavuja kwenye waya) apime koili, na beringi azungushe kwa mkono.