Unga wa Mlonge na Moshi wa Zebaki

"Shangazi, ndoa yetu ina miaka minne bila mtoto. Ninachenjua dhahabu huku Geita, na zebaki huwa naichomea jikoni kwangu. Mke wangu amepimwa hana tatizo, ila mbegu zangu zimeonekana chache na dhaifu. Muuza dawa anasema unga wa mlonge utaitoa sumu yote. Niutumie?"

Mwanangu, umefanya vyema kukubali kupimwa, kwa kuwa wanaume wengi huwaachia wake zao lawama hiyo mpaka ndoa inavunjika.

Muuza dawa wako hakutunga yote. Panya wa maabara waliopewa metali zenye sumu kama risasi, kadimi au zebaki pamoja na maji ya mlonge, tangawizi au kitunguu saumu, mara nyingi mbegu zao zimedhurika kidogo kuliko za wenzao waliopewa sumu peke yake, kwa sababu metali hizo huzalisha ndani ya korodani kemikali zinazoshambulia mbegu, na mimea hiyo huzipunguza makali. Hata hivyo, kupunguza makali si kuitoa zebaki mwilini, na kwa binadamu jambo hilo halijathibitishwa. Majani ya mlonge ukiyala kama mboga sina ugomvi nawe. Ninaloliogopa ni unga usiojulikana ulikotoka, kwani dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa na risasi ndani yake.

Shida yako iko jikoni. Zebaki ikipashwa moto hugeuka mvuke usioonekana, na takriban asilimia 80 ya mvuke unaouvuta hubaki mwilini. Mkeo naye anauvuta, na akishika mimba utamfikia mtoto tumboni. Acha leo hii kuchomea nyumbani. Chomea mbali na makazi, kwenye retoti, chombo kilichofungwa ambacho huurudisha mvuke kuwa zebaki unayoweza kuitumia tena.

Kisha nenda hospitali, umweleze daktari kazi yako bila kuficha, na uombe mkojo wako upimwe zebaki. Achunguze pia mishipa ya korodani, homoni na maambukizi, maana si lazima zebaki iwe ndiyo chanzo pekee. Mbegu huchukua siku 74 hivi kukua, kwa hiyo rudia kipimo cha mbegu baada ya miezi mitatu au zaidi tangu uuache moshi huo. Na kama unga ulikwisha kuununua, mpelekee daktari auone kabla hujaulamba.