Umekabidhiwa laptopu ya shule? Ishi nayo kana kwamba kesho utairudisha

Mwalimu mwenzangu, umeuliza jambo ambalo wengi wetu tulijifunza kwa kuumia. Wewe ni ajira mpya, mkuu wa shule amekukabidhi kompyuta mpakato kwa ajili ya kazi za taaluma, umesaini, na sasa unataka kujua uitunze vipi usije ukadaiwa. Waliotangulia kukujibu wamezungumzia zaidi betri na begi. Hayo nayo nitayafikia, lakini mimi niliyekaa na mashine ya shule kwa miaka saba, mitano kati yake nikiwa mwalimu wa taaluma katika sekondari ya kata mkoani Singida, ningekushauri uanzie kwingine: ishi na kompyuta hiyo kana kwamba kesho asubuhi utaambiwa uirudishe.

Tuanze na karatasi. Mimi nilisaini mstari mmoja kwenye leja ulioandikwa "laptop 1", basi. Hapakuwa na namba ya mashine, chaja haikutajwa, wala hali yake haikuelezwa. Nilikabidhiwa jioni, umeme umekatika, kwa hiyo sikuuona ufa mwembamba kama unywele uliokuwa kwenye kona ya kioo, wala sikugundua kwamba bawaba ya kushoto ilikuwa imelegea. Miaka miwili baadaye walikuja watu wa kuhakiki mali, na ufa ule ukawa wangu. Sikulipishwa, lakini niliandika maelezo mara mbili, na ilibidi mtunza stoo wa zamani, ambaye alikuwa ameshahama, apigiwe simu ili aseme anachokikumbuka.

Kwa hiyo, hata kama umeshasaini, hujachelewa. Geuza mashine, nakili namba iliyo chini yake, chapa yake na namba ya mali ya shule kama imeandikwa, taja chaja na begi, eleza kila mkwaruzo unaouona, kisha umpelekee mkuu wa shule barua fupi yenye tarehe na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Piga na picha. Ushauri huu unawahusu pia walimu waliopewa vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022, kwa sababu navyo wengi wetu tuligawiwa kwa haraka, na sidhani kama kila mmoja wetu anaweza leo kuonyesha karatasi ya makabidhiano.

Jambo la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko mashine yenyewe, ni yaliyomo ndani. Kompyuta ya mwalimu wa taaluma ina majina ya wanafunzi, namba zao za PREM (za usajili wa mwanafunzi katika mfumo wa Baraza la Mitihani), namba za simu za wazazi, alama za tathmini endelevu na mitihani ambayo haijafanywa. Mwaka wangu wa tatu niliacha mashine wazi juu ya meza ya ofisi ya walimu nikaenda mstarini, nikijua nitarudi baada ya dakika kumi. Mtihani wa Fizikia wa kidato cha tatu ulikuwa kwenye skrini. Wanafunzi wawili walikuwa wameagizwa kuleta madaftari ofisini humo humo. Sitasema walisoma, kwa sababu sikuwaona, lakini jioni ile swali la nne lilikuwa linajadiliwa bwenini pamoja na vipimo vyake, na mimi na mwalimu wa somo tulikesha tukitunga mtihani mpya. Tangu siku hiyo sinyanyuki kwenye kiti kabla ya kufunga skrini kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L, hata kama naenda kufungua dirisha tu. Nywila yangu siyo jina la shule wala mwaka niliozaliwa, na haijabandikwa chini ya kibodi. Kumbuka pia kwamba tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Orodha ya wanafunzi na simu za wazazi wao siyo kitu cha kurusha kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu tu mwenzako ameiomba.

Hatari nyingine inatoka steshenari. Tunapeleka mitihani kuchapishwa kwa fleshi, fleshi inachomekwa kwenye kompyuta iliyopokea fleshi za mtaa mzima, kisha tunairudisha kwenye mashine ya shule. Mara moja nilifungua nikakuta mafaili yote yamegeuka njia za mkato zisizofunguka, siku mbili kabla ya kufunga shule, na alama za madarasa manne zilikuwa humo tu. Kilichoniokoa ni karatasi za walimu wa masomo, ambazo niliziingiza upya kwa mikono usiku kucha. Sasa nina fleshi moja ya steshenari peke yake, inayobeba faili moja la PDF na kukaguliwa kila inaporudi, na alama zina nakala mahali pawili zaidi: kwenye diski iliyofungiwa kabatini kwa mkuu, na kwenye akaunti ya mtandaoni iliyofunguliwa kwa jina la shule. Nasisitiza jina la shule. Ukitumia barua pepe yako binafsi, siku unapohama unaondoka na kumbukumbu za taaluma bila kukusudia.

Kuhusu mambo binafsi sitakuhubiria. Watu husema "nitaweka muziki kidogo", baadaye zinaingia filamu, picha za harusi na mtoto wa jirani anayetaka michezo. Mimi niliacha baada ya ujumbe wa binafsi kujitokeza kwenye projekta mbele ya kidato cha pili, na zaidi ya hapo naomba usiniulize. Programu nazo, usimwachie fundi wa mtaani akuwekee zilizovunjwa kufuli, yaani zisizo na leseni. Kama mashine bado inatumia Windows 10, fahamu kwamba Microsoft ilihitimisha huduma yake ya kawaida, yakiwemo masasisho ya usalama, tarehe 14 Oktoba 2025. Mwone afisa TEHAMA wa halmashauri akuelekeze, badala ya kujaribu mwenyewe.

Sasa mwili wa mashine. Huku kwetu maadui ni vumbi, joto na umeme unaorudi kwa kishindo. Umeme ukikatika, chomoa chaja ukutani na usiichomeke mpaka utulie. Betri za lithiamu huchakaa haraka zikikaa kwenye joto zikiwa zimejaa, hivyo usiiache kwenye chaji usiku kucha juu ya godoro, ambalo pia huziba matundu ya feni. Ukiona sehemu ya kupapasia kwa kidole imeinuka au kifuniko hakifungi sawasawa, betri imevimba: zima, acha kuchaji, usiibonyeze, toa taarifa. Usiifungue kwa kushika kona moja ya kioo. Shika katikati, maana bawaba nyingi hufa kwa kosa hilo.

Na chai. Mwanangu alimwaga kikombe cha chai ya maziwa juu ya kibodi. Nilichomoa chaja, nikashikilia kitufe cha kuwasha mpaka ikazima, nikaifungua na kuiinamisha kama hema, kibodi ikitazama chini juu ya taulo. Sikuiwasha "kuangalia kama inafanya kazi", jambo ambalo mkono ulikuwa unalitaka sana. Asubuhi niliripoti kabla ya kuulizwa, na fundi aliyeelekezwa na shule alisafisha sukari iliyokuwa imeanza kuganda chini ya vitufe. Herufi tatu hazikurudi, lakini diski ilipona.

Ikiibwa, toa taarifa polisi siku hiyo hiyo, chukua RB (namba ya taarifa yako polisi), kisha barua kwa mkuu. Polisi watakuuliza namba ya mashine kabla ya mambo mengi mengine, na ndiyo maana nilianza na ile karatasi.

Nilipoacha utaaluma mwaka jana, makabidhiano yalichukua robo saa: tulisoma barua yangu ya zamani ya kueleza hali ya mashine, mstari kwa mstari, tukahesabu vitu, tukaongeza zile herufi tatu kwenye orodha ya kasoro, mwenzangu akabadilisha nywila mbele yangu, tukasaini wote wawili. Wewe leo jioni, kabla hujaiwasha, igeuze kwanza usome ile namba ya chini. Kwenye mashine yangu ilikuwa imeanza kufutika.