Damu chooni: picha ya CT badala ya kamera?

SWALI: Daktari, nina miaka 49, niko Morogoro. Baba yetu aligundulika na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 54. Tangu Ramadhani naona damu chooni, bila maumivu. Jirani amenipa dawa ya bawasiri. Ule mpira wa kamera nauogopa. Nasikia kuna kipimo cha CT kinachoonyesha utumbo bila kuingizwa kitu. Kinanifaa?

JIBU: Ndugu yangu, kipimo hicho ni kizuri, ila usidanganywe kwamba hakuna kinachoingizwa. Utakunywa dawa ya kuharisha mpaka utumbo utakate, mrija mwembamba utapitishwa njia ya haja kubwa, upulizwe hewa ya kaboni dioksaidi, kisha upigwe picha ukiwa chali na kifudifudi. Huchomwi sindano ya usingizi. Vinyama vinavyoota ndani ya utumbo, vya milimita 10 na zaidi, hunaswa takriban tisa kwa kila kumi. Vilivyo bapa hujificha.

Kwa kawaida huo ni uchunguzi wa mtu asiye na dalili, na marudio yake ni kila miaka 5. Wewe unatoka damu, tena una historia ya baba. Picha haikati kinyama wala haichukui kipande cha kupeleka maabara. Ikionyesha kitu, utaharishwa upya na kurudishwa kwenye mpira uleule. Nenda moja kwa moja kwenye kolonoskopi, yaani huo mpira wa kamera, na waambie unaogopa ili wakupe dawa ya kukutuliza. Kwa historia ya baba ulipaswa kuanza kupimwa ukiwa na 40. Wadogo zako waambie leo.

Linaloniumiza ni hilo neno bawasiri. Nani alikutazama? Wauza mizizi wa stendi na wauza unga wa "kutoa sumu tumboni" hawajawahi kuvaa glavu wakampima mtu kwa kidole. Unga ule unaharisha tu. Uvimbe hauondoki na choo. Na wanaaminika kwa sababu damu ya saratani huja na kukatika yenyewe, hivyo ikikatika sifa inakwenda kwa dawa. Tena mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa pamoja.

Mama mmoja alinijia na chupa yake ya dawa ya lita moja, miaka miwili anatibiwa bawasiri. Kidole changu hakijaingia chote, kikagota kwenye uvimbe mgumu kama kokwa ya embe. Alikuwa amekuja kuniaga tu, damu ilikuwa imekatika wiki tatu.