Maswali ya Wasomaji: Skrini imekufa, kompyuta je?

Barua nyingi za safari hii zinahusu Linux kupoteza picha: skrini kuganda, kuwa nyeusi, au kumrudisha mtu kwenye ukurasa wa kuingia bila maelezo. Wengi wanaandika wakiwa tayari kufuta mfumo na kuusakinisha upya. Tunawasihi wasubiri. Ukifuta mfumo unafuta na logi (kumbukumbu za mfumo) zilizoandika kilichotokea, na kama kosa liko kwenye kifaa au kwenye draiva (programu inayokiendesha kifaa), litarudi vile vile. Amri tunazozitaja ni za Ubuntu na Debian, isipokuwa tuliposema vinginevyo.

Ndugu wahariri, kompyuta yangu ya mezani ina Ubuntu. Mara kwa mara skrini inaganda: kipanya hakisogei, saa imesimama, kibodi haiitikii. Hutokea zaidi nikiwa nimefungua vichupo vingi vya kivinjari. Naishia kubonyeza kitufe cha kuwashia mpaka izime. Ikiwaka tena iko sawa, na sijui nianzie wapi.

Anza pale pale inapoganda, kabla hujaizima. Skrini kusimama si lazima iwe kompyuta imesimama. Bonyeza Caps Lock uangalie taa yake. Ikiwaka na kuzima, kerneli (kiini cha mfumo) ingali hai. Kisha bonyeza Ctrl+Alt+F3 na usubiri hata nusu dakika, kwa sababu mashine iliyoelemewa huchelewa kuitikia. Ukipata ukurasa mweusi unaokuomba jina na nywila, basi kilichoanguka ni upande wa picha tu, na unaweza kuingia na kufanya uchunguzi bila kuzima chochote. Kama uliwahi kusakinisha openssh-server, jaribu pia kuingia kwa ssh (njia ya kuingia kwa mbali kupitia mtandao) kutoka kompyuta nyingine. Hiyo mara nyingi hukubali hata pale kibodi inapokataa.

Vyote vikigoma, usikimbilie kitufe cha kuzimia. Shikilia Alt pamoja na kitufe cha SysRq (mara nyingi ndicho kile cha PrtSc), kisha bonyeza S, subiri sekunde chache, bonyeza U, subiri tena, halafu B. S huandika diskini data iliyokuwa bado haijaandikwa, U hufanya diski iwe ya kusomwa tu, B huwasha upya. Maelekezo mengi hukutaka uanze na R, E na I, lakini Ubuntu kwa kawaida huweka kernel.sysrq kuwa 176, yaani 16 + 32 + 128, na thamani hiyo huruhusu S, U na B, lakini si R, E wala I. Hizo herufi nyingine zisipofanya kitu, usidhani umekosea.

Ikishawaka, soma logi ya uwakaji uliopita:

journalctl -k -b -1 -e

Hiyo -b -1 ndiyo muhimu. Bila hiyo utasoma logi ya sasa, ambayo haijui lolote kuhusu tukio. Angalia mistari ya mwisho. "Out of memory: Killed process" maana yake rami (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) iliisha na kerneli ikaua programu. "GPU HANG" hutoka kwa draiva ya Intel, "ring gfx" yenye neno "timeout" hutoka kwa AMD, na "NVRM: Xid" hutoka kwa NVIDIA. Ya Xid isome pamoja na namba inayofuata: 79 maana yake kadi ya picha imepotea kabisa kwenye basi ya PCI (njia inayoiunganisha na ubao mama), na hapo shuku umeme, joto au kadi kutokaa vizuri kwenye nafasi yake, kabla ya kulaumu programu.

Kwa kuwa kwako vichupo vingi ndivyo vinavyoleta tatizo, tunaishuku rami. Fungua terminali, andika free -h, na utazame safu ya "available" jinsi inavyoshuka unapoongeza vichupo. Ikikaribia sifuri na swap (sehemu ya diski inayoisaidia rami) nayo imejaa, ongeza swap ya GB 4:

sudo fallocate -l 4G /swapfile2
sudo chmod 600 /swapfile2
sudo mkswap /swapfile2
sudo swapon /swapfile2

Ili ibaki hata baada ya kuwasha upya, ongeza kwenye /etc/fstab mstari huu: /swapfile2 none swap sw 0 0. Hatua hizi ni za diski ya ext4 (mpangilio wa kuhifadhi faili), ambao ndio wa kawaida kwenye Ubuntu. Swap haigeuki kuwa rami. Inakupa nafasi ya kufunga vichupo kabla mashine haijakwama, na dawa kamili ni kuongeza rami yenyewe.

Ipo hali moja zaidi. Logi ikikatika ghafla, mstari wa mwisho ukiwa wa kawaida kabisa, kerneli haikupata hata nafasi ya kuandika. Hapo pima rami kwa memtest86+, angalau mzunguko mmoja mzima. Kosa moja tu linatosha kuihukumu. Kisha angalia joto kwa amri ya sensors, na usafishe feni.

Naandika nywila sahihi, skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde moja, halafu narudishwa kwenye ukurasa ule ule wa kuingia. Nywila ikiwa si sahihi inaniambia. Nifanyeje?

Kwa hiyo nywila imekubaliwa, ila kipindi chako cha eneokazi kinakufa mara tu kinapoanza. Ingia kupitia Ctrl+Alt+F3 na uandike df -h kwanza. Kizigeu (sehemu ya diski) cha / au cha /home kikiwa na 100%, umepata jibu: eneokazi haliwezi kuandika hata faili zake ndogo za kuanzia. Punguza kwa sudo apt clean na sudo journalctl --vacuum-size=200M, kisha hamisha faili zako kubwa. Angalia na df -i pia, maana diski inaweza kuwa na nafasi huku idadi ya faili inayoruhusiwa imekwisha.

Nafasi ikiwepo, tazama umiliki:

ls -l ~/.Xauthority ~/.ICEauthority
ls -ld /tmp

Faili hizo mbili zikiandikwa root (msimamizi wa mfumo) badala ya jina lako, kuna siku programu yenye madirisha ilifunguliwa kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root, na ikaziacha zikiwa mali ya root. Zirudishe kwa sudo chown $USER: ~/.Xauthority ~/.ICEauthority. Moja isipokuwepo si tatizo, itatengenezwa. Folda ya /tmp nayo inapaswa kuanza na drwxrwxrwt. Ikiwa tofauti, sudo chmod 1777 /tmp.

Bado? Tengeneza mtumiaji mpya kwa sudo adduser jaribio, kisha uingie kwa jina hilo. Tunalipenda jaribio hili kwa sababu linagawa tatizo katikati. Akiingia vizuri, mfumo ni mzima na kosa liko ndani ya folda yako ya nyumbani, ama kwenye mstari ulioongeza ndani ya ~/.profile, ama kwenye viendelezi vya GNOME (nyongeza za eneokazi la Ubuntu). Viendelezi vihamishe vyote kwa mkupuo:

mv ~/.local/share/gnome-shell/extensions ~/viendelezi-vya-zamani

Ukifanikiwa kuingia, rudisha kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji. Kama hata mtumiaji mpya anarudishwa, tatizo ni la mfumo mzima, na swali linalofuata linakuhusu.

Nina kadi ya NVIDIA. Baada ya kusasisha, kompyuta inawaka hadi skrini nyeusi yenye kistari kinachopepesa pembeni, basi. Jana yake ilikuwa sawa.

Hii ndiyo iliyoandikiwa barua nyingi kuliko zote, na chanzo chake kwa kawaida ni kimoja: kerneli mpya imekuja, lakini moduli ya NVIDIA (kipande cha draiva kinachopakiwa na kerneli) haijajengwa kwa ajili yake. Moduli hiyo hufungwa na toleo la kerneli. Ikijengwa kwa moja haipakiwi kwenye nyingine.

Washa upya na ufungue menyu ya GRUB (programu inayoanzisha mfumo): Esc kwa mashine za UEFI, Shift kwa zile za BIOS ya zamani. Chagua "Advanced options" kisha kerneli iliyotangulia. Ikiwaka na picha, dhana imethibitika. Sasa andika dkms status (dkms ndiyo inayojenga moduli kwa kila kerneli). Utaona kila toleo la draiva na kerneli iliyojengewa, na kerneli mpya itakosekana au haitakuwa na neno "installed".

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Maelekezo mengi husema sakinisha linux-headers-$(uname -r), yaani faili zinazohitajika kujenga moduli kwa kerneli inayotumika sasa. Lakini wewe sasa umewasha kerneli ya zamani, na uname -r itataja hiyo ya zamani, ambayo haina shida yoyote. Utasakinisha kitu ulichonacho tayari, uwashe upya, na skrini ibaki nyeusi. Kwenye Ubuntu tumia sudo apt install linux-headers-generic, na kama unatumia kerneli ya HWE (mfululizo mpya zaidi kwa ajili ya vifaa vipya) chukua kifurushi cha headers cha mfululizo huo. Kisha sudo dkms autoinstall -k ikifuatiwa na jina kamili la kerneli mpya, kama lilivyo kwenye orodha ya ls /lib/modules. Ujenzi ukishindwa, sababu imeandikwa ndani ya make.log chini ya /var/lib/dkms/nvidia.

Kama dkms inasema imejengwa na bado haipakiwi, jaribu sudo modprobe nvidia ukiwa kwenye kerneli mpya. Jibu la "Key was rejected by service" maana yake Secure Boot (ulinzi wa uwakaji) imeikataa kwa kukosa saini inayotambulika. Hakiki kwa mokutil --sb-state, kisha sudo update-secureboot-policy --enroll-key. Utaombwa kuweka nywila ya muda. Ukiwasha upya utakuta ukurasa wa bluu: chagua Enroll MOK, Continue, Yes, uandike nywila ile. Ukurasa huo husubiri sekunde chache tu, kwa hiyo kaa karibu na kibodi. Ukikupita, rudia ile amri.

Kama hata kerneli ya zamani haitoi picha, kwenye GRUB bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, acha nafasi na uongeze nomodeset, kisha Ctrl+X. Utapata picha duni, pengine ya ukubwa usiofaa, lakini utaweza kufanya kazi ya ukarabati. Usiiache nomodeset humo daima, kwa sababu inazuia draiva za kerneli kuiendesha kadi ipasavyo.

Hakikisha pia kadi yako bado inahudumiwa. Kadi za kizazi cha Kepler ziliishia kwenye draiva za mfululizo wa 470, na mfululizo mpya zaidi hauzitambui. Amri ya ubuntu-drivers devices hutaja inayokufaa kwa neno "recommended". Na usichanganye faili ya .run ya NVIDIA na vifurushi vya apt. Chagua njia moja. Watumiaji wa Fedora wenye akmods (inayojenga moduli huko) wasubiri dakika kadhaa baada ya kusasisha ndipo wawashe upya, mpaka modinfo -F version nvidia itoe namba.

Kadi yangu ni AMD. Katikati ya mchezo skrini inakuwa nyeusi, inarudi ikiwa kwenye ukurasa wa kuingia, na madirisha yote yamepotea. Ni kadi mbovu?

Si lazima. Draiva ilituma kazi kwenye kadi, kadi haikujibu kwa muda uliowekwa, draiva ikaiwasha upya kadi peke yake. Kilichokuwa kwenye rami ya kadi kikapotea, na eneokazi likashindwa kuendelea. Mpangilio wa matukio ndio utakaokuambia zaidi. Ikitokea kila mara sehemu ile ile ya mchezo ule ule, shuku Mesa (maktaba za picha): sasisha Mesa, kerneli na linux-firmware. Ikitokea ovyo, kwenye michezo tofauti, hasa kadi ikiwa imebanwa, shuku umeme na joto. Kadi yenye soketi mbili za umeme ipe kebo mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, si kebo moja yenye vichwa viwili. Ondoa ongezeko lolote la kasi ulilowekea kadi, na uzime XMP au EXPO (kasi ya ziada) ya rami kwa muda wa majaribio. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ucheze, kisha ndipo ubadilishe kingine. Ukibadilisha vitano kwa pamoja na tatizo likaisha, hutajua kipi kilitibu.

Andika pia glxinfo -B. Mstari wa "OpenGL renderer" ukitaja llvmpipe, kadi haitumiki kabisa na kazi yote inafanywa na prosesa.

Nimeshauriwa nihame Wayland nirudi X11 kumaliza matatizo haya. Ni kweli?

Wayland na X11 ni njia mbili za Linux kuonyesha madirisha. Kuhama ni kipimo kizuri, si tiba. Kwanza jua ulipo: echo $XDG_SESSION_TYPE. Chini ya X11, gnome-shell (programu ya eneokazi la GNOME) ikianguka inaweza kuanzishwa upya na madirisha yako yakabaki, kwa sababu seva ya picha ni programu nyingine. Chini ya Wayland gnome-shell ndiyo seva yenyewe, ikifa inaondoka na kila kitu. Ndiyo maana anguko lile lile huonekana baya zaidi upande wa Wayland. Kwenye GDM (ukurasa wa kuingia) unaweza kuchagua kipindi kwa alama ya gia kabla ya kuingia, ila Ubuntu 25.10 imeshaondoa kipindi cha GNOME cha X11, kwa hiyo njia hiyo inafungika. Ukiwa X11, soma ~/.local/share/xorg/Xorg.0.log, mistari yenye (EE), na ile ya Xorg.0.log.old kwa kipindi kilichoanguka. Kwa Wayland sakinisha systemd-coredump, usubiri anguko lijalo, kisha coredumpctl list itakutajia programu iliyokufa na saa yake, na coredumpctl info itakuonyesha ilikufia ndani ya maktaba gani. Jina la maktaba ya Mesa au ya NVIDIA likijitokeza juu kabisa, rudi kwenye draiva. Likiwa la gnome-shell au la kiendelezi, iache draiva kama ilivyo.