Ubia wa kijiji, serikali, NGO na hoteli: kabla hamjasaini ulizeni petroli atatia nani

Asalaam alaykum wana jukwaa. Swali la mwenzetu wa kaskazini Unguja nimelisoma tangu juzi, naona majibu mengi ni ya "saini tu" au "wakataeni hao", nkasema ngoja nikae niandike vizuri mana hili jambo nimelipitia. Kwa ambao hawakuliona: shehia yao imefikiwa na NGO moja pamoja na hoteli na watu wa idara, wa serikali, wanataka wanakijiji wasaini makubaliano ya pamoja ya kuhifadhi pwani na kuleta maendeleo endelevu. Wazee wamegawika, na yeye anauliza huu ubia una faida yoyote kwa mtu wa kawaida au ni wa kupigia picha.

Mie ni mtu wa Pemba, wilaya ya Mkoani, katibu wa kamati ya wavuvi ya shehia yetu mwaka wa saba sasa. Jibu langu ni kwamba faida ipo na nimeiona, lakini kila kitu kinategemea nani anabeba gharama za kila siku wageni wakishaondoka, na hilo liwe limeandikwa. Ntaeleza kwa nini.

Mradi wa kwanza tulioingia, jina sitoutaja, ulikuja na kila kitu. Boti nyeupe ya faiba, mashine ya nguvu-farasi 15, majaketi ya kuokolea, tochi kubwa. Siku ya makabidhiano watoto wa madrasa walisoma kasida, viongozi wakahutubia, tukala pilau. Tukasaini karatasi kurasa kumi na moja na nakwambieni ukweli mie ndie niliyezitia kwenye faili na sikuzisoma zote. Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri, petroli ikiletwa kwa madumu na gari ya mradi, doria mara mbili kwa wiki. Kisha mradi ukafika mwisho wake na gari haikuja tena. Tukawapigia NGO wakasema bajeti imefungwa, tukaenda idarani wakatwambia boti ni mali ya kijiji, tukamfata mfanyabiashara aliekuwemo kwenye mkutano akasema yeye aliahidi majaketi na majaketi ameshatoa. Na wote watatu walikuwa wanasema kweli. Hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu niliporudi nyumbani nkazifungua zile kurasa kumi na moja nkaona kila mmoja ametimiza alichoandikiwa. Petroli haikuandikwa popote.

Boti ikavutwa juu, ikafunikwa turubali chini ya mti wa mkungu. Mashine tukaiweka kwa sheha. Usiku ukikaa ufukweni unaona taa za watu wa dago, yaani wavuvi wa kutoka mbali wanaopiga kambi, nyavu za macho madogo zinapita juu ya mwamba wetu, na sie tunamulika tochi basi.

Mara ya pili hatukungoja kuitwa. Tulisikia Kisiwa Panza, huku huku Pemba, wanafunga mwamba wa pweza, yaani hauvuliwi kwa muda, tukachangishana nauli, wanawake wanne wanaume wawili, tukaenda kuwauliza wenyewe. Kwa wasiojua, pweza anakua haraka mno, maisha yake ni mwaka mmoja au kuzidi kidogo, na jike anataga mara moja tu, anayalinda mayai hali chakula mpaka yanaanguliwa na yeye anakufa. Kwa hiyo ukiupumzisha mwamba miezi mitatu matokeo unayaona kwenye mizani, huhitaji kungoja miaka kama aliepanda mnazi. Ufungaji wa namna hii ulianza Madagaska, kijiji cha Andavadoaka mwaka 2004, wavuvi wa kabila la Vezo pamoja na shirika la Blue Ventures. Watu wakiisimulia habari hii husahau kwamba kampuni iliyokuwa ikinunua pweza wao, Copefrito, nayo ilikuwemo, na serikali yao ikaweka uzito wa chini wa pweza gramu 350. Yaani kijiji, shirika, mnunuzi na sheria, kila mmoja na kazi ambayo mwengine hawezi kuifanya. Huku kwetu shirika la Mwambao ndio waliofanya kazi hii na vijiji, na wenzetu wa Kisiwa Panza walitwambia yote bila kuficha, mpaka ugomvi wao.

Tuliporudi tukaitisha kikao. Wanaume walikubali upesi, si ajabu, wengi wetu tunavua nje kwa ngalawa. Wanawake kimya. Mwisho akasimama mama mmoja, umri wake si chini ya sitini, anakwenda pwani kwa miguu tangu mtoto, akasema: "Nyie mnanifungia mlango wa jiko langu, na ufunguo mnautia mfukoni mwenu." Kikao kikavunjika pale pale na nashukuru kilivunjika. Wiki ya pili tukakaa tena, safari hii wanawake ndio waliochora kwa kijiti mchangani, kipande gani kifungwe na kipi kibaki wazi cha kutafutia kitoweo. Kipande chetu wanaume tulichokitaka walikikataa, wakasema kile kina mashimo machache, pweza hakai. Walikuwa wanakijua kuliko ofisa yeyote.

Ndo tukaandika karatasi yetu wenyewe, ukurasa mmoja na nusu, kabla hatujamwita mtu wa nje. Kila kilo itakayouzwa siku ya kufungua, shilingi mia tano inaingia kamati kwa ajili ya doria tu, petroli, betri za tochi, chai ya vijana wa usiku. Mnunuzi anatangaza bei kabla mwamba haujafunguliwa na barafu analeta yeye. Kupima ni kwa mizani ya kamati. Shirika kazi yake kutufundisha kuhesabu na kuweka daftari. Na serikali tukaiomba kitu kimoja, kanuni zetu zipitiwe na zipigwe mhuri, mana sheria ya uvuvi ya Zanzibar ya 2010 inaitambua kamati ya kijiji lakini kijana wangu akimzuia mtu wa shehia nyengine usiku, na hana karatasi yenye mhuri, atatukanwa na atarudi. Akiwa nayo, na ofisa wa uvuvi anapokea simu, neno lake lina uzito. Hapo ndipo nilipofahamu serikali inahitajika wapi, na si kwenye pilau.

Siku ya kufungua tuliipanga bamvua, siku maji yanapojaa na kutoka kuliko kawaida, yanakauka kama saa nne asubuhi. Tangu saa mbili pwani imejaa watu, kanga zimefungwa viunoni, kila mmoja na chuma chake na kapu. Sheha akapiga filimbi. Sijaona tena kitu kama kile, wanawake wanakwenda kwa haraka lakini hawakimbii, wanaangalia chini, na kila baada ya muda unasikia mtu anaita huku mkono umezongwa na pweza mpaka kiwikoni. Nilimuona binti wa miaka kumi na tano hivi anamburura mmoja hawezi kumnyanyua.

Wakarudi juu kwenye mkungu. Mnunuzi akatundika mizani yake ya ndoana tawini, pweza wa kwanza akasoma kilo mbili na nusu. Yule mama aliekivunja kikao akasema mtieni kwenye ya kwetu. Ya kwetu ikasoma karibu tatu. Watu wakanyamaza wote, na mie mkono ulikuwa unanitetemeka kwa sababu ndie niliyeishika ile karatasi. Nkamsomea mstari mmoja tu, kupima ni kwa mizani ya kamati, saini yake hii hapa. Akasema mizani yake imezeeka, na inaweza kuwa kweli, akapima kwa ya kwetu, akanunua, na mpaka leo tunafanya nae kazi. Ingekuwa hatukuandika, nusu kilo ya kila pweza ingepotea na tungemwita mwizi na yeye asingerudi, tungekosa mnunuzi na mwamba ungevuliwa hovyo kama zamani. Jioni tulihesabu fungu la doria, likatosha kuirudisha boti majini. Ile ile boti.

Sasa wewe ndugu yangu wa Unguja, mbia wenu ni hoteli. Mie hoteli siichukii, inanunua samaki na inaajiri. Lakini angalieni mwani. Ulipoanza kulimwa kule Paje na jirani zake mwaka 1989, kampuni zilitoa kamba na tai-tai, vikamba vya kufungia mbegu, na aliekupa kamba ndie unaemuuzia, kwa bei yake. Mama yangu alilima mwani miaka mingi kwa mpango huo, mgongo ukamuharibika, na bei hakuwahi kuulizwa hata mara moja. Kisha maji yakawa na joto, mwani wa aina ya cottonii unakufa, ambao ndio wenye bei nzuri, wakabaki na aina ya spinosum ya bei ya chini, na hasara yote ikabaki kwa mwanamke aliyemo majini. Huo nao uliitwa ushirikiano. Kwa hiyo hoteli ikisema itawachimbia kisima waulizeni pampu ikiungua nani anainunua, umeme wake unalipwa na mita ya nani, na kiangazi maji yakipungua nani anapunguziwa kwanza, wao au nyie. Na njia ya kushukia pwani iandikwe, upana wake na kwamba iko wazi usiku na mchana, msikubali "tutaelewana".

Mfano mzuri mnao huko huko. Msitu wa Jozani, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004 pamoja na ghuba ya Chwaka, sehemu ya pesa za watalii wanaokuja kuangalia kima punju na kupita kwenye mikoko ya Pete inarudi vijijini. Haikuja kirahisi, wakulima waliokuwa wakiliwa mazao na kima walipiga kelele sana kabla ya kusikilizwa, na hata leo si kila mtu karidhika. Lakini fungu lina jina na watu wanajua pa kuliulizia.

Kitu chengine ambacho sikukiona kwenye maelezo yako ni msikiti. Watu wakizungumza sekta wanataja serikali, biashara na mashirika, basi. Kwetu Pemba tunakikumbuka kisiwa cha Misali, shirika la CARE na wataalamu wa mazingira wa Kiislamu walikaa na maimamu na wavuvi, wakayazungumza mambo ya uhifadhi kwa aya za Qur'ani, kwamba mtu ni khalifa katika ardhi na si mwenye nayo. Kuna mzee hapa kwetu ambae mhuri wa idara haumshughulishi hata kidogo, lakini khatibu aliposema Ijumaa kwamba kuiba kwenye mwamba uliofungwa ni kula haki ya mayatima wa kijiji, hakuonekana tena kule usiku. Khatibu yumo kwenye kamati yetu sasa, kwa haki yake.

Basi karatasi wanayowaletea msiikatae na msiisaini siku hiyo hiyo. Ichukueni, isomwe kwa sauti, Kiswahili, mbele ya watu, na ikifika kila ahadi mtu aulize ikiharibika je, na jibu liandikwe pembeni. Sie kwa kurasa kumi na moja ingetuchukua mchana mmoja tu.

Na kikao chenu msikiweke asubuhi ya bamvua, mana maji yatakuwa yametoka na wanawake wote wako pwani, mtaamua bila ya wao. Wekeni baada ya alasiri, wakati huo maji yamejaa na wako nyumbani.