Maji moto ndani ya ndoo: mbona wanakufa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mtama, mkoani Lindi. Wiki mbili zilizopita nilikata tawi la mwembe lenye kiota cha majani yaliyogandana, kimejaa chungu wekundu wakali, nikalitia kwenye ndoo na kufunika kwa chandarua ili wanafunzi wajionee. Nawapa maji ya sukari kila siku. Majani yamekauka, na kila asubuhi nazoa wafu. Ni chungu gani hawa, na nifanye nini wasiniishie?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hao ni maji moto, na wala huna haja ya hadubini kuwatambua. Yale majani hayakugandana, yameshonwa. Chukua jani moja lililokauka ulipasue taratibu penye kiungo, utaona utando mweupe kama wa buibui. Uzi huo hautoki kwa chungu mkubwa bali kwa buu. Wafanyakazi hushikana viuno kwa mnyororo, wakayavuta majani mawili mpaka yakutane, kisha mwenzao huja na buu mdomoni, akamgusisha ukingo huu na ukingo ule, huku na huku, kama fundi anavyorusha uzi. Mtu mzima hana hariri. Ndiyo maana hao wa kwako hawawezi hata kuziba tundu kama mabuu yamekufa.

Alama nyingine umeshaionja, nadhani. Maji moto hana mwiba. Anang'ata, kisha anapinda tumbo na kumwagia asidi pale pale alipong'ata. Mimi nilipoanza kazi niliwahi kuingiza mkono kwenye mkorosho bila kutazama juu. Harufu kali kama ya siki niliisikia kabla ya maumivu.

Sasa sababu ya vifo. Wewe hukuchukua kundi, mwalimu, umechukua chumba kimoja cha nyumba. Kundi moja la maji moto hukaa kwenye viota vingi, mara nyingi miti kadhaa, na malkia kwa kawaida ni mmoja tu, amefichwa kwenye kiota kimojawapo. Uwezekano wa yeye kuwa ndani ya ndoo yako ni mdogo sana. Bila yeye, wafanyakazi wanaweza kutaga, lakini mayai yao hayajarutubishwa na hutoa madume tu. Kwa hiyo hata ukiwalisha vizuri namna gani, wanaokufa hawatapata wa kuwarithi. Sukari pekee nayo haitoshi: mabuu yanataka nyama, iwe panzi, kumbikumbi au kipande cha samaki.

Ushauri wangu ni uwarudishe, tena kwenye mwembe ule ule. Chungu hujuana kwa harufu, na ukiwatundika kwenye mti wenye kundi jingine watauawa mbele ya macho yako.

Kama bado unataka kundi la darasani, lianze na malkia. Msimu wa mvua, tafuta malkia aliyekwisha kupandwa na kupukutisha mbawa, mara nyingine amejikunyata kwenye jani lililojikunja. Ni mkubwa kuliko mfanyakazi yeyote. Usimchanganye na kumbikumbi: kumbikumbi hana kiuno, na papasi zake zimenyooka, wakati za chungu zimepinda kama kiwiko. Mtie kwenye tyubu ya kioo ya maabara: maji mwisho, pamba ya kuyazuia, malkia, kisha pamba nyingine mdomoni. Weka gizani na umwache. Usimlishe, anaishi kwa akiba ya mwili wake mpaka wafanyakazi wa kwanza watoke, takribani mwezi mmoja. Watu wengi huharibu hapa kwa kumchungulia kila saa. Akishtuka hula mayai yake.

Wakishatoka, wape mche hai, si ndoo. Mche wa mchungwa kwenye chungu cha udongo (samahani kwa jina) unafaa. Kisimamishe kwenye beseni la maji lenye tone la sabuni, maana maji matupu wanaweza kujaribu kuyavuka, na hakikisha hakuna jani linalogusa ukuta wala pazia, kwani watajenga daraja kwa miili yao. Poda ya watoto iliyokorogwa kwa spiriti na kupakwa ukingoni, ikikauka, nayo huwateleza. Waangalie pia sisimizi wadogo wenye vichwa vikubwa wanaotoka ardhini. Hao ni mahasimu wao wa siku nyingi.

Kundi likiwazidi nguvu, mwenye mikorosho jirani atalipokea. Maji moto humwinda mbu wa mikorosho (si mbu wa kuuma watu, ni mdudu anayefyonza machipukizi ya mkorosho), na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamewafanyia kazi kwa ajili hiyo hiyo.

Siku ya kurudisha ndoo vaa mikono mirefu, chomeka suruali ndani ya soksi, na uende asubuhi mapema kabla jua halijawachangamsha. Wanafunzi wasimame mbali, upande ambao tawi halitawaangukia.