Maswali na Majibu: Ala tupu za sinthesaiza kwa filamu na matangazo

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watunzi wa ala tupu (muziki usio na uimbaji) za sinthesaiza, yaani vinanda vya umeme vinavyounda sauti, zenye ladha ya miaka ya 1980, wanaopeleka kazi zao kwenye maktaba za muziki zinazouza leseni kwa filamu, vipindi vya televisheni na matangazo.

Swali: Ndugu wahariri, habari za kazi. Programu yangu ina sauti zilizopewa majina ya vinanda vya zamani, lakini nikimaliza wimbo unasikika wa juzi. Na snea yangu (ngoma ya mlio mkali) haina ule mlipuko wa enzi zile. Nakosea wapi? *Msomaji, Arusha*

Jibu: Salama, ndugu msomaji. Kosa lako ni kupokea sauti iliyopikwa tayari. Sauti hizo hurundikiwa tabaka nne au tano na mwangwi mpana ili zipendeze zikisikilizwa peke yake. Mashine zenyewe zilikuwa na mipaka, na ladha unayoitafuta imo ndani ya mipaka hiyo. Prophet-5 ya 1978 ilitoa noti tano kwa mara moja. Roland Juno-106 ya 1984 ilitoa sita, na kila noti ilikuwa na chanzo kimoja tu cha wimbi. Upana wake wote ulitoka kwenye korasi (athari inayopanua sauti) iliyojengwa ndani.

Fungua Surge XT, programu ya sinthesaiza ya bure, uanze na sauti tupu. Weka wimbi moja la msumeno, na wimbi jingine oktavu moja chini kwa kiasi kidogo. Zuia noti zisizidi sita. Filta (kichujio cha sauti) ikate kuanzia kama hertz 1,500, mwanzo wa sauti uchukue milisekunde 40 na mkia, yaani kufifia kwake, milisekunde 800. Mwisho pitisha TAL-Chorus-LX, nayo ya bure, iliyoigwa kutoka korasi ya Juno. Kisha sawazisha nguvu ya vidole kwenye noti zote, kwa sababu kinanda cha Juno-106 hakikujua ulikigusa kwa nguvu au taratibu. Uhai uutie kwa kufungua na kufunga filta polepole kwa mkono.

Kengele na piano za umeme zichukue upande wa Yamaha DX7 ya 1983. Programu ya bure ya Dexed inafanya kazi hiyo vizuri. Piano yake maarufu, hata hivyo, imetumika mno. Shusha au pandisha kidogo kiwango cha opereta (chanzo cha wimbi) inayotikisa nyingine, na mlio utabadilika vya kutosha kuwa wako.

Snea ya mlipuko ilipata umaarufu kuanzia 1980 kwa kazi za fundi mitambo Hugh Padgham na mpiga ngoma Phil Collins kwenye studio ya Townhouse, London. Kanuni yake ni mwangwi mkubwa unaokatwa ghafla. Peleka snea kwenye mwangwi wa ukumbi wenye mkia wa sekunde 2, na nyuma ya mwangwi huo weka geti, kifaa kinachofungua na kufunga sauti. Geti lifunguliwe na snea kavu, likae wazi milisekunde 200, lifunge ndani ya milisekunde 15. Wengi huliacha geti lisikilize mwangwi wenyewe, nalo likaanza kufunguka na kufunga ovyo mkia unapofifia. Wengine huliacha wazi muda mrefu. Kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, nusu pigo ni milisekunde 312. Ukivuka hapo mlipuko unamezwa na pigo linalofuata, na snea inakuwa tope.

Swali: Maktaba moja imenirudishia wimbo ikisema ni mzuri lakini "haukatiki". Una dakika 4 na sekunde 40, unaanza na upepo na mawimbi sekunde 35, unaisha kwa kufifia. Wanamaanisha nini? *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Wanamaanisha kwamba mhariri wa picha hawezi kuutumia kwa haraka. Mhariri huyo ana tukio la sekunde 22 na nyimbo 60 za kupitia kabla ya chakula cha mchana. Upepo wako wa sekunde 35 ataufunga sekunde ya nane.

Anza na mwendo wenyewe. Matangazo mengi ni ya sekunde 60, 30 au 15. Ukiwa na mapigo manne kwa baa (fungu moja la mapigo), chagua mwendo unaogawanyika kwa 8, nawe utapata baa kamili ndani ya sekunde 30: mapigo 96 yanatoa baa 12, 104 yanatoa 13, 112 yanatoa 14. Ukichagua 100 unapata baa 12 na nusu, na nusu hiyo itakusumbua kila unapotengeneza toleo fupi.

Chukua 96, ambapo kila baa ni sekunde 2.5. Wimbo wa dakika 2 una baa 48. Baa 1 hadi 4 zitoe besi na wazo kuu mara moja, bila upepo. Ngoma ziingie baa ya 5, melodi baa ya 13. Baa ya 21 ngoma ziondoke, ibaki pedi (sauti laini iliyoshikiliwa) na mapigo ya besi tu. Hapo ndipo msimulizi atakapopata nafasi ya kusema. Baa ya 29 kila kitu kirudi. Pigo la mwisho ligongwe mwanzoni mwa baa ya 48, yaani sekunde ya 117.5, mkia umalizike wenyewe. Usififishe mwisho. Kufifisha mhariri anaweza mwenyewe, ila mwisho wa kugonga hawezi kuutunga asipopewa.

Toleo la sekunde 30 lipange upya, usilikate kwa mkasi tu: baa 2 za kuingia, 8 za wazo kuu, moja ya kupandisha ngoma, kisha pigo la mwisho mwanzoni mwa baa ya 12, sekunde ya 27.5. La sekunde 15 lina baa 6, na pigo la mwisho linaangukia sekunde ya 12.5.

Kinachozuia mkasi zaidi ya yote ni mikia. Melodi yenye mwangwi wa sekunde 4 inayovuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine itasikika imekatwa shingo popote mhariri atakapopita. Fupisha mwangwi kwenye nusu baa ya mwisho ya kila sehemu, au uufunike kwa mapigo ya ngoma.

Halafu kuna sauti ya mtu. Soma aya moja ya gazeti kwenye simu, iweke juu ya wimbo wako, usikilize kwa sauti ya chini. Ukijikuta unakaza masikio, melodi yako imekaa kati ya hertz 1,000 na 4,000, ambako maneno hupata uwazi wake. Ipunguze desibeli 3 eneo hilo, au ishushe oktavu moja. Mara nyingi oktavu inatibu vizuri kuliko kupunguza masafa.

Swali: Nikiwatumia wenzangu kazi wananijibu "moto sana kaka". Nitapataje maoni ya kunijenga? *Msomaji, Nakuru*

Jibu: Kaka, ukiuliza "mnaionaje?" utapewa salamu. Uliza kitu chenye jibu: "Ni sekunde ya ngapi ulianza kuchoka?" "Ungeuweka kwenye picha ya aina gani?" "Kuna ala gani hukuisikia kabisa?" Watumie toleo moja tu, bila maelezo ya jinsi ulivyohangaika nalo, na waombe wataje dakika na sekunde. Ukilinganisha na wimbo wa mfano, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti wa nyimbo zote mbili. Sikio hupenda wenye sauti kubwa hata kama ni mbovu.

Chagua wasikilizaji watatu wasiofanana: mtu wa miksi (anayechanganya na kusawazisha sauti), mtu anayehariri video, na mtu asiyejua muziki kabisa. Huyu wa tatu usimdharau. Hatajua kwamba arpeggio (noti za kodi zinazopigwa moja moja) imerudiwa mara 32, ila atakwambia "hapa nilishika simu yangu", na hapo ndipo penye ugonjwa.

Maoni yakija, tenga ugonjwa na dawa. Mmoja akisema "ongeza besi, 0:48" na mwingine "pedi imezidi, 0:50", usifanye lolote kati ya hayo kabla ya kuangalia. Wote wameonyesha mahali pamoja, na huenda pedi imejaa kwenye hertz 200 hadi 300 ikaifunika besi. Punguza pedi hapo, mara nyingi malalamiko yote mawili yanaisha. Maoni ya mtu mmoja tu kuhusu ladha yaandike pembeni uendelee na kazi.

Nawe sikiliza kazi zao kwa uangalifu uleule. Pitisha mara ya kwanza bila kusimamisha, mara ya pili kalamu mkononi. Kikundi cha watu wanne wanaofanya hivyo kila wiki kinafaa kuliko mia wanaotuma alama ya moto.

Swali: Faili nizitume vipi? *Msomaji, Mwanza*

Jibu: WAV ya biti 24, kilohertz 48, kilele kisizidi desibeli −1, isipokuwa maktaba imesema vingine. Ambatisha toleo lisilo na melodi, lisilo na ngoma, na stemu nne (faili za makundi ya ala): ngoma, besi, pedi na arpeggio, melodi. Stemu zote zianzie 0:00 na ziwe na urefu mmoja hata kama melodi inaingia sekunde ya 30. Angalia pedi inayobonyezwa, yaani inayoshushwa sauti, na pigo la kiki (ngoma kubwa ya mguu): ukizima kiki ili kutoa stemu ya pedi, programu nyingine hupoteza kichochezi na pedi inatoka bapa. Zipange tena zote kwenye mradi mtupu, zisikilize pamoja kabla ya kutuma. Ndani ya faili andika jina kamili la mtunzi, namba yake ya IPI (utambulisho wa kimataifa wa mtunzi), mwendo, na maneno ya hisia kama "usiku, gari, mashaka".

Swali: Nimetumia lupu ya ngoma (kipande kinachojirudia) niliyonunua. Je, naweza kuuza leseni ya wimbo? *Msomaji, Dodoma*

Jibu: Soma leseni ya lupu kabla ya yote. Baadhi zinaruhusu nyimbo za kawaida lakini zinakataza muziki wa maktaba, au zinataka lupu isisikike peke yake. Stemu yako ya ngoma inaivunja leseni hiyo papo hapo, maana humo lupu inasikika tupu. Tena mwingine akiwa ameisajili lupu ileile ndani ya wimbo wake kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zenye hakimiliki, video ya mteja wako ndiyo itakayodaiwa, na maktaba itakurudia wewe. Ngoma za muziki huu ni kiki, snea, hai-hati na tomu mbili. Zipange mwenyewe.